Katika biashara ya afyuni, teja mkubwa alikuwa hazina

Masimulizi ya biashara ya afyuni huanzia baharini: meli za mwendo kasi, wafanya magendo, maofisa wa China waliolishwa rushwa wakanyamaza. Hapo ndipo tunapopotezwa. Ukiianzia baharini utadhani ni habari ya wahalifu waliozidi serikali ujanja. Ianzie Calcutta, makao ya utawala wa Waingereza India, kwenye vitabu vya mapato, utaona kwamba muuzaji mkuu wa dawa za kulevya wa karne ya 19 alikuwa serikali, tena serikali yenye makatibu, mihuri na ripoti za kila mwaka.

Mwaka 1773 Warren Hastings, gavana wa Bengal, aliipa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, ambayo huko ndiyo iliyokuwa serikali, haki ya peke yake ya kununua afyuni ya Bengal na Bihar. Kiini chake kilikuwa chai. Waingereza walikuwa wameshalowea chai ya China, na China ilitaka kulipwa kwa fedha, ile ya madini, si kwa vitambaa vizito vya sufu ambavyo Kampuni iling'ang'ania kuwauzia watu wa Canton (Guangzhou ya leo, kusini mwa China) na joto lao lote. Hazina ya London nayo haikutaka kusikia habari ya kupunguza chai: kufikia miaka ya 1830, ushuru wa chai ulileta takriban moja ya kumi ya mapato ya serikali. Bidhaa ya India ambayo Wachina wangeitolea fedha bila kusukumwa ilikuwa afyuni. Mfalme wa China alikwisha kupiga marufuku uuzaji wake wa kuvutwa tangu 1729. Basi ikatafutwa namna ya kuiuza bila kuonekana unaiuza.

Namna yenyewe ilikuwa mnada. Kampuni ilisimamia kilimo, ikasimamia kiwanda, ikapiga muhuri wake kwenye makasha, kisha ikayanadi Calcutta kwa wafanyabiashara binafsi na kunawa mikono. Meli zake yenyewe hazikupeleka mzigo huo China, kwa kuwa zingekamatwa na chai ingepotea. Wa kuchafuka walikuwa wengine.

Nataka nikae kidogo kijijini Bihar, maana huko hapatembelewi sana. Wakala wa serikali alimfuata mkulima na arbuni kabla ya msimu. Akishaipokea, hana ruhusa ya kupanda kingine kwenye shamba lile, wala ya kumuuzia mwingine mavuno, na akishindwa anatozwa faini. Bei inapangwa ofisini, na mara nyingi haikurudisha hata gharama. Mpopi, mmea unaotoa afyuni, haukubali ardhi yoyote. Unataka ile nzuri iliyo karibu na nyumba, yenye mbolea na maji, ambayo vinginevyo ingelisha familia. Unapandwa kuelekea mwisho wa mwaka. Maua yakishapukutika, matunda mabichi yanachanjwa mchana kwa kisu chenye ncha kadhaa, utomvu mweupe unavuja usiku kucha, na alfajiri watu wanapita kuukwangua, ukiwa umeshabadilika rangi kuwa kahawia. Tunda moja huchanjwa zaidi ya mara moja, na utomvu wake ni haba. Kazi hiyo ilifanywa na nyumba nzima, watoto wakiwamo.

Vyungu vya utomvu vilipelekwa Patna au Ghazipur, mji ulio kando ya mto Ganges. Huko vibarua waliufinyanga madonge ya ukubwa wa risasi ya mzinga wa kale, na kila donge wakalivika gamba la petali za mpopi zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Madonge 40 yaliingia kasha moja, uzito wa zaidi ya kilo 60. Kiwanda cha Ghazipur kilianzishwa mwaka 1820 na bado kipo, chini ya serikali ya India, siku hizi kikishughulikia malighafi za dawa za hospitali.

Mwanzoni mwa karne ya 19 makasha yaliyoingia China kwa mwaka yalikuwa kama 4,000. Kufikia 1839 yalikuwa yanakaribia 40,000. Waliojichafua mikono walitajirika vizuri. William Jardine alikuwa daktari wa melini kabla ya kufungua kampuni na James Matheson mwaka 1832, kampuni ambayo hadi leo ni tajiri mkubwa wa Asia. Kwenye meli zao alipanda mmisionari Karl Gützlaff kama mkalimani. Afyuni ikishushwa, yeye anagawa vijitabu vya dini. Bombay, Jamsetjee Jejeebhoy alichuma humohumo, akajenga hospitali, akawa Mhindi wa kwanza kupewa cheo cha baroneti. Wamarekani nao walikuwamo: babu wa Rais Franklin Roosevelt kwa upande wa mama, Warren Delano, alifanya biashara hiyo Canton.

Lin Zexu, mjumbe maalumu wa mfalme, alifika Canton mwaka 1839 na kuwabana wafanyabiashara mpaka wakasalimisha makasha 20,283. Mwezi Juni, pale Humen, pwani karibu na Canton, alichimba mahandaki, akaimwaga afyuni humo, akaivuruga kwa maji, chumvi na chokaa kwa muda wa wiki tatu hivi, kisha akaifungulia baharini. Kabla ya kuanza alimwandikia mungu wa bahari kumwomba radhi, ili viumbe wake wapate kujihadhari. Katika mkasa mzima sijaona kiongozi mwingine aliyeomba radhi kabla ya kumwaga sumu.

Ila kuna kitendo kimoja kidogo cha kiofisi ambacho kwangu kina uzito kuliko moto na mizinga yote iliyofuata. Charles Elliot, mwakilishi wa Uingereza, aliwaambia wafanyabiashara wamkabidhi yeye afyuni yao kwa jina la Malkia, ndipo yeye aikabidhi kwa Lin, naye akawaahidi kulipwa. Kwa siku chache tu mzigo wa magendo ukageuka mali ya serikali, na deni likawa la serikali. Nani alipe? Si walipa kodi wa London, hao wana kura. Basi atalipa China, na asipotaka atalipishwa. Hivyo ndivyo vita vya kwanza vya afyuni, na Aprili 1840 Bunge la Uingereza lilivijadili. Kijana William Gladstone akasimama kuvilaani, na serikali ikaponea kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa! Mkataba wa Nanking wa 1842, uliomaliza vita hivyo, uliitoza China dola za fedha milioni 21, na milioni sita kati yake zilikuwa fidia ya afyuni. Bandari tano zikafunguliwa, kisiwa cha Hong Kong kikachukuliwa. Kuhusu biashara yenyewe ya afyuni kuendelea au kusimama, mkataba ulikaa kimya. Ruhusa rasmi ilikuja mwaka 1858, katikati ya vita vya pili, vile vilivyoishia kwa kasri la kiangazi la mfalme kuchomwa moto Beijing.

Watu huuliza kwa nini Waingereza, waliojisifu kwa kukomesha biashara ya watumwa, hawakuiacha hii mapema. Muulize teja yeyote wa unga habari ya arosto. Serikali ya Waingereza huko India kwa miongo kadhaa ilipata takriban asilimia 15 ya mapato yake kwenye afyuni. Kuiacha kulimaanisha kutafuta kodi nyingine au kupunguza jeshi. Mwaka 1893 iliundwa tume ya kifalme kuchunguza madhara, na miaka miwili baadaye ikaja na jibu kwamba madhara si makubwa kama inavyodaiwa. Singapore na makoloni jirani kuna miaka ambayo karibu nusu ya mapato ilitoka kwenye afyuni. Wafaransa walipotaka bajeti ya Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia za leo) ijiendeshe, Gavana Paul Doumer aliiweka afyuni chini ya idara ya serikali, pamoja na chumvi na pombe. Waingereza walikubaliana na China mwaka 1907 kupunguza usafirishaji hadi uishe, lakini Hong Kong serikali iliendelea kuiuza kwa wavutaji mpaka Wajapani walipoiteka Desemba 1941.

Nenda uwanja wa Tiananmen leo. Kwenye mnara wa mashujaa wa taifa kuna michongo ya mapinduzi, na wa kwanza kabisa ni wa watu wakiteketeza afyuni pale Humen. Xi Jinping alipoanza kuhubiri "ndoto ya China" Novemba 2012, alihutubia kwenye maonyesho ya makumbusho ya taifa ambayo masimulizi yake yanaanzia vita vya afyuni. Miaka miwili kabla, David Cameron, waziri mkuu wa Uingereza, alifika Beijing na ujumbe wake wakiwa wamebandika vifuani maua ya mpopi ya karatasi, yale ambayo Waingereza huvaa kila Novemba kuwakumbuka askari wao. Wenyeji wakawaomba wayavue. Wakakataa. Waingereza hawakuwa na nia mbaya, nakubali, lakini mtu aliyeisahau historia namna hiyo ni lazima awe mtoto wa aliyeshinda.

Hata hivyo siwezi kuimeza simulizi ya Beijing nzimanzima. Kufikia mwisho wa karne ya 19, afyuni iliyolimwa China kwenyewe, Sichuan na Yunnan, ilikuwa imeizidi kwa mbali ile ya India, na magavana na wababe wa vita waliitoza kodi kwa raha zao. Wanahistoria wameonyesha kwamba hata Wakomunisti, walipokuwa wamezingirwa Yan'an, ngome yao ya kaskazini mwa China, miaka ya 1940, waliiuza kwa jina la "bidhaa maalumu" ili kujaza mfuko. Hayo hayachongwi kwenye mnara. Na Hong Kong mwaka 2019, vijana wa maandamano ya kudai demokrasia waliovamia bunge lao walitundika bendera ya enzi ya ukoloni, bendera ya serikali iliyowauzia babu zao afyuni na kuwatawala zaidi ya miaka 150, isiyokumbuka kuwapa uchaguzi wa maana hadi ilipokuwa inafungasha. Kitendo kile kiliniudhi. Kilichoniudhi zaidi ni kuona aibu ya 1842 ikitumiwa kama sababu ya kuwanyima haki walizodai.

Mkulima wa Bihar hana hata mchongo mmoja. China ilipata dola yenye nguvu ya kuisimulia kwa niaba yake; yeye aliachiwa ardhi iliyochoka. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Na sisi huku pwani? Kila tarehe 26 Juni viongozi wetu huhutubia siku ya kupambana na dawa za kulevya, tarehe ambayo kwa kawaida huhusishwa na kazi ya Lin pale Humen. Siku hiyo husikika habari za mateja, vijana, maadili. Wakati unga unaoishia Tanga, Mombasa na Unguja umetengenezwa kwa utomvu uleule wa mpopi, mara nyingi wa Afghanistan, unaoshushwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja nje ya Mombasa likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Mzigo wa namna hiyo hauendeshwi na vijana wa vijiweni.

Ila urithi ninaoufikiria zaidi ni wa namba. Mwaka 1898 Uingereza iliilazimisha China kuikodisha eneo la bara la Hong Kong kwa miaka 99, ndiyo maana makabidhiano yakawa 1997. Mwaka 2017 Sri Lanka iliikodisha bandari ya Hambantota kwa kampuni ya serikali ya China kwa miaka 99. Na Juni 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba wawekezaji wa mradi wa bandari ya Bagamoyo, uliosainiwa 2013 na China, walitaka ardhi kwa miaka 99 pamoja na masharti mengine ambayo alisema ni mwendawazimu tu angeyakubali.

Sisemi kukodisha bandari ni sawa na kutwangwa mizinga. Tanzania ilikuwa na uwezo wa kukataa, na ilikataa. Ninachosema ni kwamba balozi wa China anapotukumbusha, kama wanavyopenda, kuwa sote tulionja ukoloni, anasema kweli, na kwa sababu hiyohiyo anajua vizuri kuliko sisi miaka 99 ina urefu gani. Rais Samia alitangaza mwaka 2021 kwamba mazungumzo ya Bagamoyo yanafufuliwa. Mkataba wowote utakaotokana nayo uwekwe mezani Bungeni tuusome, ukiwa na idadi ya miaka na jedwali la nani analipa deni mradi ukifeli, kabla mtu hajashika kalamu.