Sukari ya rubani ikishuka

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini anaijua dakika ile. Jasho jembamba usoni, mikono inatetemeka, unamuuliza hili anakujibu lile. Mnamnywesha soda, na baada ya robo saa yeye ndiye anayewauliza mbona mmemzunguka. Sukari ikishuka sana, mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Sasa mtu huyo mkalishe kwenye kiti cha rubani.

Kwa hofu hiyo, kanuni za ICAO, chombo cha Umoja wa Mataifa cha usafiri wa anga, zinatamka wazi kwamba anayetumia insulini hafai kupewa cheti cha afya cha rubani. Mwenye presha anayemeza dawa zilizokubaliwa anaruka. Mwenye kisukari anayetumia vidonge naye anaweza kuruhusiwa. Sindano ndiyo inayofunga mlango. Ila kanuni hizohizo zimeacha upenyo: nchi inaweza kumpa cheti mtu asiyetimiza sharti fulani la afya, mabingwa wakiridhika kwamba usalama hautaguswa, hata kama ni kwa kuiwekea leseni yake mipaka.

Uingereza iliutumia upenyo huo mwaka 2012, ikaanza kutoa vyeti vya daraja la kwanza, vile vya marubani wa kulipwa, kwa wanaotumia insulini. Ireland na Austria zikafuata. Marekani, iliyokuwa ikiwaruhusu marubani wa ndege binafsi tangu 1996, iliwafikia wa mashirika mwishoni mwa 2019.

Utaratibu wa Uingereza unafanana na taa za barabarani. Rubani anapima kabla ya kuruka, kila saa akiwa angani, na tena ndege ikikaribia kutua. Anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo, kisha anaitamka namba kwa sauti ili mwenzake aisikie. Kuanzia 5 hadi 15 (milimoli za sukari kwa lita ya damu) ni kijani. Ikiwa kati ya 4 na 5, ni njano: ale kitu cha sukari, apime tena. Chini ya 4 ni nyekundu, na hapo anamwachia mwenzake ndege bila mjadala. Sukari ikipanda kupita 15 ni njano, ikizidi 20 ni nyekundu. Safari ya Nairobi hadi London ni takriban saa tisa. Hesabu mwenyewe vidole vitatobolewa mara ngapi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: marubani 49 wa Uingereza, Ireland na Austria, saa 22,078 za kuruka, vipimo 38,621. Asilimia 97.69 vilikuwa kijani, asilimia 0.12 viliangukia nyekundu ya chini, na hakuna rubani hata mmoja aliyezidiwa akiwa kazini.

Namba hizo zinanishawishi, lakini si kwa kiwango wanachotaka watetezi. Marubani 49 ni wachache. Tena ni waliochujwa: mgonjwa ambaye sukari yake haitulii hakufika hata kwenye orodha. Na mengi ya hayo yamepatikana chini ya ulinzi wa rubani wa pili anayesikiliza. Anayepinga akisema hatujajua itakuwaje idadi ikiongezeka na uangalizi ukilegea, ana hoja.

Ila marufuku nayo ina gharama yake, maana watu hujifunza kuficha. Ndege ya Germanwings, shirika la Ujerumani, iliyoangushwa makusudi na rubani msaidizi kwenye milima ya Alps tarehe 24 Machi 2015 iliua watu 150. Ugonjwa wake ulikuwa wa akili, si sukari, na siufananishi na kisukari. Lakini wachunguzi wa Ufaransa walitaja hofu ya kupoteza leseni na kipato miongoni mwa mambo yaliyomfanya aendelee kuruka huku akificha hali yake. Rubani anayepima mbele ya mwenzake namwogopa kidogo kuliko anayejichoma sindano chooni.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kuruhusu, kwa sharti la rubani wa pili. Na sharti hilo ndilo linalonisumbua nikitazama kwetu. Kijana wa Kenya au Tanzania akishapata leseni ya biashara, mara nyingi haanzii kwenye ndege kubwa. Anatafuta kazi ya Cessna Caravan, kupeleka watalii Mara, Serengeti au Zanzibar, na ndege hiyo inaweza kurushwa na rubani mmoja. Cheti chenye mpaka wa “marubani wawili” kingemfaa kapteni mwenye miaka ishirini kazini aliyeugua akiwa tayari kwenye ndege ya abiria. Kijana mwenye saa 200 za kuruka kwenye kitabu chake kingemwacha barazani, kwa sababu hakuna mwajiri anayelipa mshahara wa pili ili mmoja asikilize sukari ya mwingine.

Marekani wanategemea kifaa kinachobandikwa mwilini, kinachosoma sukari mfululizo na kupiga kengele kabla haijashuka mno. Huenda siku moja kengele hiyo ikaaminiwa kama sikio la rubani mwenza. Kwa sasa, kwa wagonjwa wengi wa hapa, hata vile vijikaratasi vya kupimia kwa kidole vinanunuliwa kwa fedha ya mfukoni, na vinapoisha mtu anasubiri mwisho wa mwezi.