Jina kwenye santuri ya Elvis

Nyumbani kwa mjomba wangu, Tanga, kulikuwa na santuri ndogo ya Elvis Presley, ile ya Love Me Tender, imechakaa mpaka sindano inaruka. Mjomba alikuwa baharia, na santuri alizorudi nazo kutoka safari hazikuguswa na mtoto. Niliruhusiwa kusoma tu ile karatasi ya duara ya katikati. Chini ya jina la wimbo, kwa herufi za sisimizi, pameandikwa watunzi wawili: Presley na Matson.

Hakuna hata mmoja wao aliyeutunga. Muziki wake ni wa Aura Lee, wimbo wa George Poulton wa mwaka 1861, ambao askari wa Marekani waliuimba sana kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Maneno mapya aliyaandika Ken Darby mwaka 1956, kwa ajili ya filamu ya kwanza ya Elvis. Darby akaandikisha jina la mkewe, Vera Matson, na Presley akapewa nusu yake. Husimuliwa kwamba Darby alipoulizwa kwa nini kamweka mkewe pale, alijibu kuwa ni kwa sababu naye vilevile hakuutunga.

Kila ikikaribia Agosti 16, siku aliyofariki Elvis mwaka 1977, ubishi uleule hufufuka: yule jamaa alikuwa mbunifu kweli au alidesa tu kwa weusi akatajirika? Nimeshawahi kubisha kwa pande zote mbili, tena kwa kelele. Siku hizi nimebaki na shtaka moja, nalo ni la ile karatasi ya duara.

Shtaka la kwamba hakuwa mtunzi halinisumbui hata kidogo. Mimi ni mtu wa pwani. Kwenye taarabu mtunzi ni mtunzi na mwimbaji ni mwimbaji, na sijapata kusikia mtu akimdharau bibi aliyesimama jukwaani eti kwa kuwa shairi kaandikiwa. Tunasikiliza kalipeleka vipi. Tumpe na Elvis mizani hiyohiyo, tuone.

Julai 5, 1954, studio ya Sun, mjini Memphis. Elvis ana miaka 19, anaendesha lori la kampuni ya mambo ya umeme. Wamekesha wakirekodi nyimbo za taratibu za mapenzi na hakuna hata moja iliyotoka. Kwenye mapumziko anaanza kurukaruka na gitaa akiimba That's All Right, bluzi ya Arthur Crudup ya mwaka 1946. Bill Black anadaka besi, Scotty Moore anaingiza gitaa lake, na Sam Phillips, mwenye studio, anachungulia kuuliza wanafanya nini. Warudie, safari hii mashine ikiwa imewashwa.

Zisikilize zote mbili mfululizo, ikiwezekana kwa spika za masikioni. Ya Crudup ina ngoma, tena nzito. Inatembea kama mtu aliyebeba gunia, na sauti yake inapanda juu kwa uchungu wa mtu ambaye kweli mama yake alimkanya kuhusu yule mwanamke. Ya Elvis haina ngoma kabisa. Black anazichapa nyuzi za besi kwa kiganja hadi zinalia tap-tap badala ya ngoma, na kijana anaimba kama aliyefunguliwa mlango akakuta nje kumekucha. Ana furaha! Maneno ni ya kuachwa, sauti ni ya mtu anayeondoka zake kwa hiari. Crudup hakufanya hivyo, na sijasikia aliyefanya hivyo kabla ya usiku ule.

Na kabla hatujamfanya Crudup kuwa chemchemi ya yote, ule mstari wa kumwambia mama kwamba ni sawa tu, Blind Lemon Jefferson alishauimba kwenye santuri za miaka ya 1920. Bluzi ndivyo ilivyo. Mistari yake inazunguka kama ndoo ya kisimani, kila anayefika anachota.

Upande wa pili wa santuri ile ya Sun una kisa kinachonichekesha zaidi. Uliwekwa Blue Moon of Kentucky, wimbo wa kantri wa Bill Monroe, mzungu, wa mwendo wa walsi, mapigo matatu matatu. Elvis aliuvunja akaupeleka kwa mapigo manne, mbio. Monroe hakwenda mahakamani. Mwaka huohuo aliingia studio akaurekodi upya: anaanza na walsi yake ya zamani, halafu katikati anabadili na kuufuata mwendo wa Elvis. Aliyeigwa akamuiga aliyemuiga. Mtu akiniambia Elvis alikuwa kivuli cha wengine, huwa nauliza ni kivuli gani kinachofuatwa na mwenye mwili.

Sasa Hound Dog, ambako mimi na mashabiki wake tunaachana njia. Big Mama Thornton aliurekodi mwaka 1952, na mwaka uliofuata ukakaa kileleni mwa chati ya muziki wa weusi kwa wiki saba. Ni mwanamke mwenye kifua kipana anamfukuza marioo mlangoni: umenizoea, umekula vya bure, toka. Anaunguruma, na mwishoni wanamuziki wake wanabweka na kulia kama mbwa. Waliouandika, kwa taarifa ya wanaopenda kugawa mambo kwa rangi, walikuwa vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller, wa umri wa miaka 19 hivi.

Elvis hakuutoa kwa Thornton. Aliusikia Las Vegas mwaka 1956 kwa Freddie Bell and the Bellboys, kundi la ukumbini lililokwisha kuyabadili maneno yawe ya mzaha: marioo ametoweka, amebaki mbwa ambaye hajawahi hata kukamata sungura. Elvis akabeba kichekesho hicho chote, akakirekodi Julai 2, mara 31 hadi aliporidhika. Gitaa lina moto, sikatai. Lakini ni wimbo wa kumtukana mbwa. Kisa cha mama wa watu kimepotea njiani, na hapo neno kudesa silioni kuwa kali. Thornton alisema maisha yake yote kwamba kwa wimbo ule alipata hundi moja ya dola 500. Wa Elvis ulikaa namba moja wiki 11.

Kwanza tumalize suala la rangi. Usiku ambao mtangazaji Dewey Phillips alipopiga That's All Right redioni Memphis, simu zilimiminika, naye akaupiga tena na tena, akaagiza kijana aletwe (alikuwa amejificha sinema kwa woga). Swali aliloona ni muhimu kumuuliza hewani ni kasoma shule gani. Humes, akajibu. Shule zilikuwa zimetengwa kwa rangi, kwa hiyo kwa jina hilo tu mji mzima ukaelewa kwamba anayeimba ni mzungu. Mlango uliofunguka usiku ule Crudup asingefunguliwa hata angeimba kama malaika, na Elvis hakuujenga ukuta wenyewe; aliukuta, akapitishwa. Alilijua hilo pia. Mwaka 1956 aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba weusi walikuwa wakiimba hivi tangu zamani na kwamba yeye kamsikia Crudup. Mwaka 1969, Las Vegas, alipoitwa mfalme wa rock and roll mbele ya waandishi, alimwonyesha mwimbaji mweusi Fats Domino aliyekuwa chumbani humo, akasema mfalme ni yule pale. Sijui wangapi kati ya wanaomtukana leo wamewahi kutaja waliowafundisha kazi kwa uwazi namna hiyo.

Ila kutaja kwa mdomo hakulipi kodi ya nyumba. Crudup hakupata mirabaha aliyostahili, ingawa Elvis alirekodi nyimbo zake tatu. Alirudi kwenye vibarua vya mashambani, akafa mwaka 1974 bado akidai.

Na wapo waliolipia kabisa ili waimbwe. Otis Blackwell, mtunzi mweusi wa Brooklyn, mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955 hakuwa na kitu mfukoni. Aliuza nyimbo sita kwa dola 25 kila mmoja. Mmoja wao ulikuwa Don't Be Cruel. Ulipofika kwa watu wa Elvis, sharti likawa lilelile: ukitaka aimbe, jina lake liandikwe kama mtunzi, na nusu ya fedha za utunzi iende kwake. Blackwell alikubali, kwa hesabu ya kwamba nusu ya wimbo wa Elvis inazidi wimbo mzima usioimbwa na mtu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na ndicho kinachoniudhi. Mwaka 1957 wakarudia mchezo kwenye All Shook Up.

Wapenzi wake watasema ilikuwa kazi ya meneja, Kanali Parker, na ya kampuni za uchapishaji wa nyimbo. Sawa. Lakini hundi zilikuwa na jina la nani?

Blackwell ananiharibia hata ule utetezi wangu kwamba uimbaji ulikuwa wa Elvis mwenyewe. Alikuwa na desturi ya kuimba nyimbo zake kwenye demo, rekodi za mfano, kabla ya kuzipeleka, na Elvis alizifuata demo zile kwa karibu mno. Ule mtindo wa kumeza neno, kulikatakata kwa pumzi, kukwaruza mwisho wa mstari, ambao dunia nzima inauita wa Elvis, kwenye nyimbo zile kuna sehemu yake ni ya Blackwell. Wawili hao hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Halafu ikaja Desemba 4, 1956. Elvis, tayari tajiri, kapita kusalimia pale Sun, akamkuta Carl Perkins anarekodi na Jerry Lee Lewis yuko kwenye piano, wakaanza kuimbaimba na mashine ikaachwa ikizunguka. Kwenye mkanda huo Elvis anawahadithia jambo aliloliona Las Vegas. Kuna kijana, anasema, mweusi, anaimba na kundi la Billy Ward, Dominoes, na aliimba Don't Be Cruel vizuri kuliko yeye mwenyewe. Alikwenda kumtazama usiku baada ya usiku. Anawaonyesha: kijana aliupunguza mwendo hivi, akaivuta ile simu ya kwenye wimbo, te-le-foni, akaumalizia kwa kishindo kikubwa hivi. Anauimba mara kadhaa, anacheka, anarudi nyuma arekebishe. Ni mwanafunzi kamili. Mwezi mmoja baadaye, Januari 6, 1957, kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, kamera zikimpiga kuanzia kiunoni kwenda juu, aliuimba hivyohivyo, na mwisho wake mkubwa.

Kijana yule alikuwa Jackie Wilson. Sikiliza mkanda wote: anamsifu kwa dakika kadhaa, kwa furaha ya kweli, anaiga sauti yake, anaeleza hata miguu yake ilivyokwenda. Jina halitaji. Hakulijua.