Watoto wa kwenye televisheni ni watoto wa nani?

Kinachonikera kwenye vichekesho vya familia ni watoto wanaoongea kama mawakili. Mtoto wa miaka sita anatoa hoja ndefu iliyonyooka, anatulia watazamaji wacheke, kisha anaondoka zake. Mtoto gani huyo? Wangu akianza kueleza kwa nini hataki kuvaa kiatu, anasahau katikati, anauliza kama samaki hulala, halafu analia kwa sababu soksi inamuuma. Muda unakwenda, nami nimepiga magoti mlangoni, kiatu mkononi.

Na baba je? Kila mara ni bwege asiyejua hata nepi inafungwaje, mama ndiye mwenye akili, kazi yake kufoka. Wanadhalilishwa wote wawili.

Wala si kwamba haiwezekani. Mwaka 2007 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha Outnumbered, habari za wazazi wawili na watoto wao watatu huko London. Watunzi wake, Andy Hamilton na Guy Jenkin, hawakuwakaririsha watoto kila neno. Waliwapa kisa, wakawaacha waseme kwa namna yao. Sentensi zinakatika, swali linadondoka pasipotarajiwa, mzazi anabaki mdomo wazi. Pale nilijiona mimi.

Sasa hawa wengine wanatuletea nini? Sebule inayong'aa, hakuna hata penseli iliyovunjika sakafuni, na ugomvi unaokwisha kwa kukumbatiana ndani ya nusu saa. Jamani, nusu saa! Kiatu chenyewe hakijaingia mguuni.