Nazi Ndiyo, Ndimu Hapana

Mabishano kuhusu utunzaji wa ngozi yamegawa watu kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema dawa yote iko jikoni: kula mboga, kunywa maji mengi, jipake nazi, asali na manjano, achana na vya dukani. Ya pili, yenye wataalamu wengi wa afya, inasema hayo ni mambo ya kimila tu na kwamba ngozi ina daktari wake. Nikizipima hoja zao, naona wote wawili wanakipima kitu kwa mahali kilikotoka, shambani au kiwandani, wakasahau kuuliza kimepewa kazi gani.

Kwa upande wa chakula, watu wa jikoni wana ushahidi mzito kuliko wanavyojua. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikumbwa na pelagra, na wagonjwa walizidi 18,000. Kila palipopigwa na jua, shingoni, mikononi na miguuni, ngozi iliiva, ikawa nyeusi, ikatoka magamba. Walikuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa vitamini B3 ziliacha kufika. Ugonjwa ule haukuhitaji krimu, ulihitaji karanga zirudi. Mtoto mwenye unyafuzi naye ngozi humbanduka kama rangi kuukuu ya ukuta, na tiba yake ni lishe.

Lakini hoja hiyo ina mpaka. Mtu ambaye tayari anakula mchicha, dagaa, maharage na matunda hapati ngozi mpya kwa kuongeza jagi la juisi ya karoti. Akizidisha sana, viganja vyake vitageuka vya manjano. Maji nayo yanasifiwa kupita kiasi. Kama mwili haukuwa na upungufu, glasi za ziada hutoka kwenye mkojo. Kuhusu chunusi kuna jambo la kutia moyo kidogo: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2007 uliwapa vijana wa kiume mlo wenye protini zaidi na wanga usiopandisha sukari haraka, na baada ya wiki 12 chunusi zao zilipungua kuliko za wenzao. Vijana hao pia walipungua uzito, kwa hiyo si rahisi kujua sifa yote iende wapi. Hata hivyo, kijana anayekunywa soda kila siku hana cha kupoteza akijaribu kuiacha.

Tukija kwenye vya kupaka, mafuta ndiyo yenye habari nzuri zaidi, na baadhi yake itawashangaza wanaonunua chupa za bei kubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walilinganisha mafuta ya zeituni na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima wachache. Zeituni ilidhoofisha tabaka la juu linalozuia maji yasitoke, hata kwa wasio na ugonjwa wowote wa ngozi. Alizeti haikulidhuru, na iliongeza unyevu. Tofauti iko kwenye asidi za mafuta: zeituni imejaa oleiki, alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, ambayo ngozi huitumia kujijenga. Bibi wa Singida anayempaka mjukuu wake alizeti ana sababu nzuri ya kuendelea.

Nazi pia ina wakili mzuri. Huko Ufilipino, watoto 117 wenye pumu ya ngozi walipakwa ama mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto, ama mafuta ya madini, jamii ileile ya mafuta ya watoto yanayouzwa madukani. Baada ya wiki 8, waliopakwa nazi walipona vizuri zaidi. Hapo cha shambani kilikishinda cha kiwandani mbele ya mashahidi. Lakini mafuta hayohayo, ukiyapaka kwenye uso wenye chunusi, huziba vinyweleo na kuzizidisha. Mwilini ndiyo, usoni inategemea uso wa nani.

Ndimu na limau naomba ziishie kwenye pilau na samaki. Ni tindikali kali kuliko ngozi inavyoweza kuvumilia, na ndani yake, hasa ndimu, kuna kemikali zinazoamka zinapokutana na jua na kuunguza. Anayejipaka ndimu kufuta madoa kisha akatoka kwenda sokoni saa sita mchana anaweza kurudi na malengelenge, halafu madoa meusi yatakayomkaa kwa miezi. Manjano hayana ukali huo, ila ni bora kununua mizizi na kuitwanga mwenyewe: nchini Bangladesh watafiti waligundua kuwa wafanyabiashara walikuwa wakitia rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye manjano ili yang'ae. Liwa iliyosagwa kwenye jiwe kwa marashi, kama wafanyavyo wanawake wa pwani, sina ugomvi nayo kwa asiyewashwa nayo.

Kambi ya jikoni ina sababu ya kukiogopa cha dukani. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua, umeharibu watu wetu. Zebaki inayotiwa humo huingia mwilini na kuumiza figo, na dawa kali za steroidi zilizochanganywa ovyo huifanya ngozi iwe nyembamba, ipasuke na kubaki na michirizi. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka mwisho wa mwaka 2020 kwa vipodozi vyenye zebaki kupita sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuviondoa vyote ifikapo 2025, bila kujali kiwango. Kinachoniuma ni kuona hofu hii halali ikitumiwa na wauzaji wa chupa zisizo na orodha ya viambato, wanaoahidi weupe wa wiki moja kwa majani matupu. Weupe wa haraka namna hiyo hautoki kwenye majani.

Na hofu hiyo isitufanye tukatae cha kiwandani chenye faida. Kule Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuzuia jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao saratani ya ngozi huwanyemelea wakiwa bado vijana. Nazi, liwa na alizeti haviwezi kufanya kazi hiyo. Mzazi anayemnyima mtoto mwenye ualbino mafuta hayo kwa kuwa yana kemikali anamwacha wazi mbele ya jua.

Wataalamu nao wanapaswa kukiri kuwa ushauri wa "nenda kwa daktari wa ngozi" ni mgumu kwa anayeishi mbali na miji mikubwa, kwa kuwa madaktari hao ni wachache mno. Badala ya kudharau nazi, wangewafundisha watu dalili zisizosubiri. Kidonda kisichopona. Alama nyeusi inayobadilika umbo, hata kwenye unyayo. Na baka lililofifia rangi ambalo ukiligusa halisikii kitu: huenda ni ukoma, ambao bado upo, unatibika kabisa, na dawa zake hutolewa bure. Baka la namna hiyo lisipakwe manjano wala asali hata kwa wiki moja. Aliye nalo aende zahanati iliyo karibu naye na kumwambia mhudumu, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba halina hisia.