Mashine inasema sentimita mbili, bikoni iko wapi?

Hapa Uingereza mpimaji ardhi anateremka garini na fimbo ya mita mbili, antena ya GPS juu, simu mkononi. Masahihisho ya vipimo vya setilaiti yanamjia kwa intaneti kutoka vituo zaidi ya 100 vilivyotawanywa nchi nzima, na kabla hujamaliza kumsalimia ameshapata nukta yake, kosa lake sentimita mbili. Raha kuitazama kazi hiyo. Halafu nawaza Mokowe na Hindi, kwetu Lamu, moyo unauma.

Najua mtakavyosema: kapanda ndege, sasa anatuona washamba. La hasha. Mpimaji wa Lamu ana kazi kubwa kuliko wa huku, kwa sababu kituo mara nyingi anakibeba mwenyewe. Mashine ya kwanza anaisimamisha juu ya bikoni, ile alama ya upimaji iliyosimikwa ardhini, ambayo mahali pake panajulikana, ya pili anatembea nayo, zinawasiliana kwa redio. Kila kilomita anayojitenga inaongeza kama milimita moja ya kosa, hilo dogo. Kubwa ni bikoni yenyewe. Ikiwa iling'olewa ikarudishwa pembeni kwa sentimita 40, shamba zima linahama sentimita 40, na kioo bado kinaandika sentimita mbili. Mashine imepima sawasawa, ila imeanzia pabaya.

Ndiyo maana, kabla ya kupima chochote, lazima apitie bikoni nyingine mbili za zamani aone kama namba zinakubaliana na ramani. Nukta za mpaka azirudie baada ya nusu saa, setilaiti zikiwa zimesogea. Chini ya mwembe mawimbi hayapiti vizuri, na kando ya ukuta yanagonga na kurudi, nukta ikaruka. Kwenye vichochoro vya mjini GPS aiweke, achukue mashine ya miguu mitatu inayopima pembe na umbali.

Wanaonikera ni hawa vijana wanaopima mashamba kwa simu. Jamani, simu hata uwanjani inakosea mita tatu mpaka tano! Tena ramani zetu nyingi zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa namba za mahali, na simu inatumia WGS84, mfumo wa GPS. Ukiingiza namba bila kuzigeuza, unajikuta karibu mita 300 kutoka ulipotakiwa. Hapo ndipo mtu anaambiwa mnazi aliopanda babu yake si wake.

Mwingine atasema, "Wenzetu mashine zimewamalizia kila kitu." Hazijamaliza. Hati nyingi za huku zinaonyesha mpaka wa jumla tu, na hizo sentimita mbili hazisemi ukuta ni wa nani. Kuvuta mnyororo wa kupimia kumekwisha. Kusoma hati, kutafuta alama ardhini na kuwasikiliza wazee kumebaki kwa mtaalamu, na kwetu wapo wanaolijua hilo kweli kweli.

Basi akija mpimaji, usimuulize mashine yake bei gani. Mwambie akuonyeshe zile bikoni mbili alizopitia kabla hajaanza, na namba alizozikuta pale.