Ganzi ya kemo na majani tunayoyaficha

Mtu akiwa kwenye kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa, nyayo zikamwaka moto usiku na vidole vikafa ganzi hata kufunga kifungo ni kazi, hapa Mombasa hakosi wa kumwelekeza dawa. Huyu atamletea habasoda, yule unga wa mlonge, mwengine atamtuma Marikiti akatafute mizizi ya kuchemsha. Wote wanampenda, hilo silitilii shaka. Kinachonikera ni lile neno linalofuatia: "Usimwambie daktari, atakugombeza."

Neno hilo linaumiza watu, kwani anayeficha majani huificha na ganzi yenyewe. Ganzi hii huletwa na baadhi ya dawa zenyewe za saratani, kama paklitakseli, oksaliplatini na vinkristini, ambazo hujeruhi mishipa ya fahamu. Daktari akiijua ganzi mapema, anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Asipoambiwa ataendelea vilevile, na kuna mishipa ikishaharibika hairudi tena ilivyokuwa.

Halafu kuna wasemao, "Ni majani tu, hayana madhara." Vinkristini hutoka kwenye mmea wenye maua madogo ya waridi au meupe tunaoupanda mbele ya nyumba zetu, ule unaochanua hata jua likiwa kali. Paklitakseli nayo mwanzo ilitolewa kwenye gome la mti wa Marekani. Baadhi ya dawa zinazoleta ganzi hii ni za mimea pia!

Wajapani walilipima jambo hili. Wana dawa ya kienyeji iitwayo goshajinkigan, yenye viambato 10, mdalasini ukiwemo, na wengi waliitumainia. Waliwapa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wakitumia oksaliplatini, wengine wakapewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha tiba, ili walinganishwe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yanasikitisha: ganzi ya wastani au zaidi iliwapata asilimia 50.6 ya waliotumia goshajinkigan, na asilimia 31.2 ya wale wengine. Jaribio likasimamishwa. Sisemi kila jani litafanya hivyo. Nasema nia njema haitoshi kumnywesha mtu aliye kwenye dripu.

Hata kuchovya miguu kwenye maji ya moto ya mwarobaini kuna hatari yake. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Ngozi huungua mwenyewe ametulia tu. Mwengine ayapime maji kwanza kwa kiwiko.

Kwa maumivu yenyewe, dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni duloksetini, ya kuandikiwa na daktari, ingawa nayo haimsaidii kila mtu.

Na nyinyi madaktari na wauguzi, msituachie sisi tu mzigo huu. Mama wa watu hawezi kufungua kinywa mbele ya mtu aliyekunja uso. Kabla ya dripu muulizeni kwa upole, "Mama, nyumbani unatumia nini? Kesho njoo nacho nikione." Akija na pakiti yake, isomeni naye.