David Banner, stelingi aliyeishi kwa vibarua

Kila vipande vya sirizi ya zamani ya televisheni, The Incredible Hulk, vinaposambazwa mtandaoni, huwa ni vilevile: mtunisha misuli aliyepakwa rangi ya kijani, wigi kichwani, anabomoa ukuta wa mbao nyepesi kwa mwendo wa polepole huku akinguruma. Chini yake watu wanacheka. Naelewa kinachowachekesha, maana rangi inaonekana ni rangi na mawe yanaonekana ni sponji. Lakini wanachokitazama ni dakika chache mno za kipindi cha karibu saa nzima. Dakika nyingine zote zinamhusu mtu mzima, msomi, anayeingia mji asioujua na kuuliza kama kuna kazi.

Ndiyo maana naitetea sirizi hii. Katika tamthilia zote za mashujaa nilizotazama, za bei rahisi na za bei ya kutisha, sijaona nyingine inayoyajua maisha ya kibarua kama hii.

Filamu ya kwanza ilionyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani tarehe 4 Novemba 1977. Sirizi yenyewe ikaanza Machi 1978 na kukatishwa Mei 1982. Aliyeibuni kwa ajili ya televisheni ni Kenneth Johnson, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameanzisha The Bionic Woman. Johnson hakuwa mpenzi wa vitabu vya katuni. Amewahi kusimulia kwamba studio ya Universal ilipompa kazi hii alikuwa anasoma Les Misérables ya Victor Hugo, na humo ndimo alimoiona njia: mtu mwema anayekimbia, na mwingine anayemwandama bila kuchoka. Jean Valjean akawa Dk. David Banner. Javert akawa Jack McGee, mwandishi wa gazeti la udaku. Maadui wenye mavazi ya ajabu waliojaa katika vitabu wakaachwa wote, na hata jina Bruce likabadilishwa kuwa David. Johnson alitaka jitu lenyewe liwe jekundu, rangi aliyoiona kuwa ndiyo ya hasira. Hilo Marvel, wachapishaji wa vitabu hivyo, walilikatalia.

Banner, anayeigizwa na Bill Bixby, ni daktari na mtafiti aliyefiwa na mkewe katika ajali ya gari. Alikuwepo. Alijaribu kulinyanyua gari, likamshinda. Sasa anawatafuta watu ambao katika dakika kama ile walipata nguvu zisizoelezeka wakawaokoa wapendwa wao, kwa sababu anataka kujua wao walikuwa na nini ambacho yeye hakuwa nacho. Anagundua uhusiano na mionzi ya gama, kisha usiku mmoja anajipiga mionzi hiyo mwenyewe, asijue kwamba mashine imeongezwa nguvu kupita alivyodhani. Anatoka maabara akiwa amekata tamaa kwamba hakuna kilichotokea. Mvua inanyesha, tairi linapasuka, anashuka kulibadilisha, spana inamponyoka na kumuumiza mkono.

Hapo ndipo hasira inapomgeuza kuwa jitu kwa mara ya kwanza. Hakuna jiji linaloshambuliwa, hakuna adui aliyemteka mpenzi wake. Ni mtu aliyelowa, mwenye majonzi ya muda mrefu, anahangaika na tairi gizani. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara naona jinsi Bixby anavyoipandisha hasira kidogo kidogo: kwanza karaha, kisha maumivu, kisha kitu ambacho hakihusiani na tairi hata kidogo. Tangu alipofiwa alikuwa ameibana hasira hiyo, na spana ndiyo iliyoifungulia.

Baadaye maabara inalipuka na kuungua. Mwenzake, Dk. Elaina Marks, anafariki, na McGee anatangaza kwamba jitu ndilo lililowaua wote wawili. Dunia inaamini Banner amekufa, kaburi linachimbwa, jina linachongwa juu ya jiwe. Kuanzia siku hiyo hana shahada, hana leseni ya udaktari, hana akaunti benki, hana mtu wa kumdhamini. Ana mkoba, koti, na jina lake la kwanza ambalo hataki kuliacha. Jina la ukoo hubadilika kila anakokwenda, na karibu kila mara huanza na herufi B.

Je, mtu asiye na karatasi anaajiriwa wapi? Waandishi walilichukua swali hili kwa uzito ambao filamu za leo haziujui kabisa. Banner anafyeka na kusafisha uwanja wa shule. Anahudumia wateja kwenye ukumbi wa disko. Anafanya kazi bustani ya wanyama, anamsaidia mzee wa mazingaombwe jukwaani, anaandamana na bondia anayejiandaa kwa pambano. Malipo ni ya taslimu na maswali ni machache. Anafika kwa heshima, anawaita wakubwa wake kwa adabu, anajifunza kazi haraka. Anajua mambo mengi kuliko yeyote aliye pale na hathubutu kuyaonyesha. Mtoto akiugua, au mwenzake akianguka, unauona udaktari ukimpanda machoni, kisha unamwona akipima hatari ya kusaidia. Mara zote anasaidia. Mara zote inamgharimu ile kazi.

Wako wasomi wengi wa kwetu waliokwenda Ulaya na Amerika ya Kaskazini na vyeti vyao kwenye begi wakaishia kusukuma vitanda hospitalini au kupakia mizigo kwenye maghala usiku, vyeti vikiwa havitambuliwi. Wao hawahitaji kufafanuliwa sura ya Banner anapopewa fagio. Bixby haigizi aibu. Anaigiza uangalifu, ule wa mtu anayejua kwamba neno moja la ziada litamfanya aulizwe alikotoka.

Bajeti ilisaidia. Sisemi kwamba ufinyu wa fedha ni jambo jema, kwani kuna sehemu nyingi ulizoziharibu. Lakini jitu liligharimu muda na pesa. Lou Ferrigno alikaa saa nyingi akipakwa rangi ambayo ilibaki kwenye kila alichogusa. Bixby alivalishwa lenzi nyeupe zilizomuumiza macho, na mashati yalilegezwa mshono kabla ili yapasuke vizuri. Kwa hiyo jitu lilitokea kwa kawaida mara mbili tu kwa kipindi, katikati na karibu na mwisho. Muda uliobaki ulipaswa kujazwa na watu: mjane mwenye mgahawa, kijana aliyezama kwenye pombe, mwajiri mkali mwenye siri. Mandhari ikawa ni mahali pa kazi, kwa sababu ghala halisi na jiko halisi la mgahawa havihitaji kujengwa.

Walipokwama kabisa walichukua picha za filamu nyingine za Universal. Sehemu inayoitwa Never Give a Trucker an Even Break ilitumia picha za Duel, filamu ya mwaka 1971 ya Steven Spielberg kuhusu lori linalomwandama dereva. Sehemu ya 747 ilichota kutoka Airport 1975, na nyingine kuhusu tetemeko ikachota kutoka Earthquake. Mtazamaji makini anaona rangi ya picha ikibadilika na nywele za watu zikihama. Hizo ndizo sehemu dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake hautokani na picha za kuazima. Unatokana na hadithi kupindishwa ili zifuate picha. Hata hivyo, katika 747 mtoto anayemsaidia Banner ndani ya chumba cha rubani ni Brandon Cruz, aliyewahi kuigiza mwanawe Bixby katika The Courtship of Eddie's Father miaka michache kabla. Wawili hao wanaposhikana macho, uigizaji unakuwa na joto ambalo hakuna mwongozaji angeweza kuliagiza.

Ferrigno mwenyewe anastahili heshima kuliko anayopewa. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1951, akapoteza sehemu kubwa ya usikivu wake akiwa mtoto mdogo baada ya maambukizi ya masikio, akakulia kwenye kunyanyua vyuma hadi kuwa Mr. Universe. Nafasi ile alianza kupewa Richard Kiel, mrefu kumzidi, ikaonekana hana misuli ya kutosha. Ferrigno hakupewa hata neno moja la kusema. Ngurumo ziliongezwa baadaye na Ted Cassidy, na alipofariki mwaka 1979 zikaendelezwa na Charles Napier. Kilichobaki kwa Ferrigno ni uso na mwili, na alivitumia. Tazama jitu linavyotulia baada ya fujo, linavyokitazama kitu kidogo mkononi bila kukielewa, linavyorudi nyuma likiona linaogopwa. Jitu la sirizi hii linatoka damu likipigwa risasi. Moto unaliumiza. Leo jitu huchorwa kwa kompyuta, linaruka kilomita nyingi na kupasua majengo, na mimi simwogopei hata kidogo, kwa sababu najua hakuna kitakachomfika.

Kuna sehemu ya mwaka 1978, A Child in Need, ambayo ningependa kila anayecheka vile vipande aitazame. Banner ni mfanyakazi wa bustani shuleni. Anamwona mtoto mwenye michubuko na anaelewa mara moja, kama daktari yeyote angeelewa, kwamba mtoto anapigwa nyumbani. Anawaambia wakubwa. Wanasita, kila mmoja kwa sababu yake: ushahidi, jina la familia, hofu ya kuingilia ya watu. Neno la mtunza bustani halina uzito. Angekuwa na leseni yake, angesikilizwa siku ileile. Jitu linapokuja hatimaye kumkabili baba, kinachokaa akilini si kipigo. Ni yule baba anayevunjika na kulia, akionja kwa mara ya kwanza woga aliokuwa akiupanda kwa mwanawe. Mwaka 1978, kwenye televisheni ya familia, ndani ya kipindi cha jitu la kijani. Wazee wa mtaa wanaosema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani wangejiona humo bila shida.

Na kuna Married, iliyofungua msimu wa pili. Mariette Hartley anaigiza daktari mwenye ugonjwa usiopona ambaye Banner anamwendea Hawaii kutafuta tiba, na badala yake wanaoana huku wote wawili wakijua muda umebaki kidogo. Hartley alishinda tuzo ya Emmy mwaka 1979 kwa kuonekana mara hiyo moja tu. Kipindi cha mtu aliyepakwa rangi kilishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamthilia. Wanaosema ilikuwa takataka ya watoto wanapaswa kueleza hilo.

Siwezi kuificha kasoro yake kubwa. Misimu mitano ya kukimbia inachosha. Majambazi ni walewale, wanavaa suti zilezile, wanamfungia Banner stoo kila wiki kwa wakati uleule. Kila kipindi kinaishia kwa piano ya Joe Harnell na Banner akiomba lifti kando ya barabara kuu, na ingawa muziki huo ni mzuri kweli, ilifika mahali waandishi wakaufanya ufanye kazi ambayo hadithi ilipaswa kuifanya. Kisha CBS wakaikatisha bila kumpa mwisho. Kituo cha NBC kikatoa filamu tatu, kuanzia 1988 hadi 1990; mbili za kwanza ziliwaleta Thor na Daredevil, mashujaa wengine wa Marvel, zikawa matangazo ya sirizi nyingine ambazo hazikutokea. Ya tatu ikamuua Banner. Bixby aliiongoza mwenyewe, na akafariki kwa saratani mwaka 1993. Hakuna kilichofuata. Sikubaliani na kifo kile. Watazamaji wa kwetu tulizoea kwamba stelingi hafi, lakini sababu yangu ni nyingine: Banner hakuwahi kuomba ushindi wala sifa, aliomba tiba na kazi yake irudi, na waandishi walikuwa na miaka 12 ya kufikiria jinsi ya kumpa.

Ukitaka kuianza leo, ruka zile zenye ndege na malori. Tazama filamu ya kwanza, kisha nenda moja kwa moja Mystery Man ya mwaka 1979, yenye sehemu mbili. Banner amepata ajali, amepoteza kumbukumbu, uso wake umefungwa bandeji. McGee anamchukua akiamini anajua jambo kuhusu jitu, ndege yao inaanguka msituni, McGee anavunjika mguu na moto unawazunguka. Mwindaji na mwindwa wanalazimika kubebana, na mwindaji hajui yuko na nani. McGee anasimulia kwa nini hawezi kuacha kulifuata jitu, na kwa mara ya kwanza tunamsikia mtu aliyedharauliwa na wenzake kazini kwa sababu anaandikia gazeti la udaku, anayetaka habari moja itakayomfanya aheshimiwe. Naye ni mtu wa kazi. Na anapoona kwa macho yake kwamba jitu ni binadamu anayegeuka, msako wake haubaki kama ulivyokuwa, maana sasa kuna mtu wa kumwonea huruma ndani yake, mtu asiyejulikana jina, na McGee hajui amtendeeje.